Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya majengo: tupeni kibali cha kutengeneza nyumba zetu za mawe Mikindani

Mikindani, Mtwara
Aprili 2025

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya vibali vya ujenzi na majengo ya kale katika mji wetu,

YAH: KIBALI CHA KUKARABATI NYUMBA ZA MAWE, NA ALAMA NYEKUNDU ZINAZOPIGWA KUTANI

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu na mmoja wa warithi saba wa nyumba ya mawe ya ghorofa moja iliyopo hapa Mikindani, hatua chache kutoka ghubani. Ndani ya miaka miwili nimefika ofisini kwenu mara tisa. Nimewasilisha barua tatu, zote zina muhuri wa kupokelewa, na hakuna hata moja iliyojibiwa kwa maandishi. Majibu niliyopewa ni ya mdomo, tena mengi ni ya koridoni: "Mama, njoo wiki ijayo." "Mhusika yuko safarini." Na la mwisho, ambalo kijana mmoja alinieleza kwa upole kabisa: "Mama, kwa nini msiibomoe tu mkajenga ya kisasa?"

Kijana yule sina kinyongo naye. Ila swali lake lilinirudisha nyumbani nikiwa nimeelewa jambo moja: ofisini kwenu nyumba ya zamani ina njia mbili tu, ibomolewe au ijengwe upya. Njia ya tatu, ya kuitengeneza kwa namna ilivyojengwa, haina fomu, haina dawati, wala mtu wa kuulizwa. Ndiyo maana leo naandika mbele ya watu wote, nikiwaheshimu kama nilivyowaheshimu katika zile barua tatu.

Niwaeleze kwanza nyumba yenyewe, kwa kuwa katika safari zangu zote tisa hakuna aliyekuja kuiona.

Babu yangu aliinunua mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa fedha za mbata. Wakati huo bandari ya kina kirefu ilikuwa inajengwa Mtwara kwa ajili ya ule mradi mkubwa wa kilimo cha karanga wa serikali ya Waingereza, na wafanyabiashara wa Mikindani walikuwa wanafunga maduka na kufuata meli. Mradi wa karanga ulikufa, reli yake ikang'olewa, nyumba ikabaki. Kuta zake zina unene wa karibu nusu mita, ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Dari imebebwa na boriti za mkoko, na vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake umefuata urefu wa boriti, karibu mita 2.5 hadi 3. Mbele kuna baraza la mawe, juu yake roshani ya mbao. Ukitoka barabarani saa nane mchana, jua la Desemba likiwa utosini, ukavuka kizingiti ukaingia ukumbini, jasho linakauka lenyewe. Feni hatujawahi kufunga kwenye ukumbi ule.

Sasa nieleze malalamiko yangu.

1. Fomu ya kibali haijui kutengeneza

Fomu niliyopewa inauliza ramani ya jengo jipya, aina ya matofali, kina cha msingi, ukubwa wa nguzo na idadi ya nondo. Nyumba yangu haina nondo hata moja, na matofali pia haina. Nilichotaka kufanya ni kubadilisha boriti tatu zilizooza ncha, kubandua plasta ya saruji kwenye ukuta wa mbele, kuziba nyufa na kupiga lipu ya chokaa, basi. Nikaambiwa nilete ramani iliyogongwa muhuri wa mchoraji. Mchoraji akaniuliza achore nini, maana hakuna ukuta unaoongezwa wala unaopunguzwa. Nikalipa, akachora nyumba kama ilivyo. Ramani ikarudishwa kwa maelezo, ya mdomo tena, kwamba haionyeshi nguzo za zege wala lenta, ile mihimili ya juu ya milango na madirisha.

Hapo ndipo nilipokwama. Nikiweka nguzo za zege, nimeiharibu nyumba. Nisipoziweka, sina kibali. Nikifanya kazi bila kibali, navunja sheria. Nikikaa bila kufanya kitu, nyumba inaoza na nitaambiwa ni jengo hatarishi.

Na kuna jambo la majira ambalo naomba mlitazame kwa makini. Chokaa haipendi haraka na haipendi mvua. Huku kwetu mvua zinaanza karibu na Desemba na kuendelea hadi Aprili. Kazi ya chokaa inafaa kati ya Mei na Oktoba. Mwombaji anayepewa kibali Desemba amepoteza mwaka mzima, na ndani ya mwaka huo masika yameshapita juu ya dari inayovuja. Mimi nimeshapoteza misimu miwili.

2. Saruji tunayolazimishwa ndiyo inayoua nyumba zetu

Hili nalisema kwa uzito, na ninalisema kwa sababu nimelishika kwa mikono yangu.

Mwaka 1994 mjomba wangu alipata fedha nzuri ya korosho. Akaona aipendezeshe nyumba ya baba yake. Akapiga plasta ya saruji ukuta wote wa mbele, kuanzia chini hadi usawa wa roshani, akapaka rangi ya maziwa. Ilipendeza sana. Watu walikuja kuitazama. Mjomba alifanya vile kwa mapenzi, na wakati ule kila aliyekuwa na uwezo alifanya hivyo hivyo.

Baada ya miaka kadhaa usawa wa goti ukaanza kuvimba. Rangi ikawa na madoa ya kahawia, kisha ikachanika. Tukaziba kwa saruji nyingine. Uvimbe ukapanda hadi kifuani. Masika ya mwaka juzi, usiku, kipande cha plasta kikubwa kama ubao wa mlango kikadondoka juu ya baraza. Mchana wake watoto walikuwa wamecheza bao pale pale.

Nikamwita fundi mzee wa hapa, aliyefundishwa kazi ya chokaa na baba yake. Alifika, nikamwamkia, akaukaribia ukuta bila kusema neno. Akagonga kwa kitako cha nyundo. Juu, karibu na roshani, ukuta ulitoa sauti kavu. Kadiri alivyoshuka, sauti ikawa ya debe tupu. Akaingiza patasi nyuma ya saruji, akabandua kipande cha ukubwa wa sahani. Ndani ukuta ulikuwa umelowa, na ilikuwa mwezi wa Agosti. Chokaa iliyokuwa ikishika mawe ilitoka kwa vidole kama unga wa muhogo uliomwagiwa maji. Kati ya saruji na jiwe palikuwa na utando mweupe. Akaugusa kwa ulimi, akatema, akaniambia nionje. Ilikuwa chumvi.

"Mwanangu," akasema, "ukuta huu umezibwa pua."

Kisha akanipeleka stoo ya uani, mahali ambapo fedha ya mjomba haikufika. Chokaa ya stoo ni ya zamani, imepauka, ukiisugua inatoa vumbi. Lakini ni kavu, na mawe yameshikwa barabara. Nyumba ile ile, bahari ile ile, mvua zile zile. Tofauti ni saruji tu.

Waheshimiwa, sababu yake haina muujiza. Ardhi yetu ya pwani ina maji yenye chumvi. Jiwe la tumbawe lina matundu, hunyonya. Unyevu hupanda ndani ya ukuta kila mwaka, na kwenye ukuta wa chokaa hutokea nje na kukauka kwa upepo. Ukiuvika ukuta huo saruji, unyevu unakosa njia ya kutokea. Unaendelea kupanda hadi unakuta ncha za boriti zilizozama ukutani, na boriti zinaanza kuoza pale pale ambapo macho hayaoni. Chumvi nayo inaganda nyuma ya plasta, inakua, inapasua uso wa jiwe. Tena saruji ni ngumu kuliko ukuta inaoufunika. Nyumba ya zamani hucheza kidogo kwa joto na baridi, kwa ukame na masika. Chokaa hukubali, hutoa nyufa ndogo ndogo zinazozibika kwa mkono wa chokaa nyepesi. Saruji haikubali, na inapobanduka huondoka na jiwe.

Kuhusu nguzo na nondo, tembeeni ufukweni mtazame kuta za zege zilizojengwa karibu na maji. Chumvi inaingia, chuma kinashika kutu, kutu inavimba, zege linapasuka kwa ndani na nondo zinatokeza nje. Hicho ndicho tunachotakiwa kukipandikiza ndani ya ukuta wa matumbawe, kisha tuutwike dari ya zege ambayo haukujengwa kuibeba.

Kwa kuwa niliulizwa dirishani kwenu kama chokaa "ina kipimo", nieleze kwa ufupi. Jiwe la chokaa huchomwa tanurini kwa joto la karibu nyuzi 900. Likitoka, huzimwa kwa maji; linachemka lenyewe, linatoa mvuke, linageuka uji. Uji ule unaachwa chini ya maji kwa wiki kadhaa, na ukikaa miezi unazidi kuwa mzuri. Kwa lipu fundi wetu huchanganya sehemu moja ya chokaa na sehemu tatu za mchanga wa mtoni ulioshwa. Mchanga wa baharini hautumiki, kwani ni kurudisha chumvi ukutani. Lipu hupigwa tabaka nyembamba, moja ikishika ndipo ya pili, na hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa isikaushwe na jua. Inakomaa polepole kwa kuvuta hewa. Hiyo ni kazi yenye vipimo, na fundi akiharibu kipimo utaona ndani ya msimu mmoja.

Wala sitaki kuonekana naichukia saruji. Inatengenezwa hapa hapa mkoani kwetu, imewapa vijana wetu ajira, na kwa nyumba mpya ya matofali ni sawa kabisa. Binti yangu amejenga kwa saruji kule Mtwara mjini na mimi nilichangia mifuko. Nazungumzia ukuta wa matumbawe, uliojengwa na watu ambao saruji hawakuwa nayo.

3. Alama nyekundu inayopigwa bila mtu kuingia ndani

Mwaka jana, asubuhi moja, tuliamka tukakuta alama ya X nyekundu kwenye ukuta wetu wa mbele, pembeni mwa mlango. Nyumba ya jirani nayo ilikuwa na yake. Hakuna aliyebisha hodi, aliyepanda ngazi kutazama dari, wala aliyeacha karatasi inayoeleza ni ukuta gani, kwa hatari gani, na mwenye nyumba anatakiwa afanye nini kwa muda gani. Nilipofika kuuliza, nikaambiwa orodha imeandaliwa "kwa kutazama".

Kwa kutazama nje, nyumba yangu kweli inatisha: plasta imebanduka, rangi imechanika. Lakini kilichobanduka ni saruji ya 1994. Ukuta wa stoo, ambao hauonekani kutoka barabarani, ndio mzima kuliko zote. Jicho la barabarani haliwezi kutofautisha nyumba iliyochakaa na nyumba inayoanguka, na tofauti hiyo ndiyo msingi wa barua yangu yote.

Warithi wa jirani waliogopa faini. Wakabomoa wenyewe. Mawe yakachukuliwa na wenye mikokoteni kwa ajili ya misingi. Leo kiwanja kile kina magugu, na katikati kuna ngazi ya mawe yenye vidato kumi na moja inayopanda kwenda hewani. Hakuna kilichojengwa, kwa sababu waliobomoa hawakuwa na fedha ya kujenga. Nyumba waliyokuwa nayo, mbovu kama ilivyokuwa, ilikuwa na vyumba vinne vya kulala.

Kwamba yapo majengo ya hatari kweli, nakubali. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la Unguja, iliporomoka ikiwa kwenye matengenezo, ikaua watu. Jengo lenye sifa kuliko yote katika pwani yetu, ndani ya mji ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mkasa ule unanifundisha kwamba jengo la kale linataka mtu mjuzi aingie ndani, agonge kuta, apande darini, na afanye hivyo mapema. Ndoo ya rangi nyekundu haiwezi kazi hiyo.

4. Milango inaondoka

Mlango wetu una mfaa, ule mti wa katikati, wenye nakshi ya mnyororo, kizingiti cha juu kilichochongwa maua, na misumari ya shaba ambayo bibi alikuwa akiisugua kwa ndimu na majivu kila ikikaribia Idi. Mlango wa jirani ulikuwa mzuri kuliko wetu. Siku tatu baada ya kuanza kubomoa, uliondoka usiku kwenye gari dogo la mizigo. Sijui uliko.

Wiki ile ile mtu nisiyemjua alikuja barazani kwetu. Alikuwa mstaarabu, akaniamkia vizuri. Akaniambia: "Mama, nyumba imeshapigwa alama. Mlango huu utaozea chini ya kifusi. Bora upate chochote." Akataja bei. Angalieni, Waheshimiwa, ile alama yenu imegeuka kuwa dalali wake. Hakuhitaji kunidanganya, alinionyesha tu ukuta wangu mwenyewe.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaitaja milango ya mbao na fremu zake zilizochongwa kabla ya mwaka 1940 kuwa vitu vinavyolindwa. Kuvitoa nchini bila leseni hakuruhusiwi. Milango mingi ya Mikindani inaingia katika kinga hiyo bila ubishi. Lakini mlango usioandikwa popote wala kupigwa picha, nani atausimamisha njiani? Nimeuliza ofisini kwenu kama kuna daftari la milango. Niliyemuuliza alicheka, akidhani natania.

5. Warithi wengi kwenye nyumba moja

Hili ni fupi. Mnataka hati yenye jina la mwombaji. Sisi tuko saba, wawili wako Dar es Salaam, mmoja Masasi, mmoja ng'ambo ya Ruvuma. Tunayo hukumu ya mirathi na karatasi ya mauzo ya babu, na tumesaini wote kwamba mimi nisimamie. Kwa kubadilisha boriti tatu, hayo yatoshe.

Najua yatakayosemwa, maana mengine nimeshaambiwa.

Mtasema hakuna bajeti. Sijaomba fedha. Fedha ya boriti, chokaa na fundi tumechanga wenyewe. Naomba karatasi.

Mtasema nyumba zetu hazilindwi kisheria kwa kuwa kinga ya moja kwa moja ya ile Sheria ya Mambo ya Kale inahusu majengo ya kabla ya mwaka 1863. Hapo mko sahihi, na ndipo penye tatizo. Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi, alipita Mikindani Machi 1866 akianza safari yake ya mwisho. Nyumba iliyokuwa inajengwa siku aliyopita hapa tayari iko nje ya kinga hiyo kwa miaka mitatu. Boma la Wajerumani ni la 1895. Sehemu kubwa ya nyumba za mawe tulizonazo ni za kipindi hicho. Lakini sheria hiyo hiyo imempa Waziri uwezo wa kutangaza jengo au eneo kwenye Gazeti la Serikali hata kama umri wake haufiki hapo. Wa kumpelekea mapendekezo ni ninyi mlio karibu na nyumba.

Mtasema mafundi wa chokaa wamekwisha. Wamebaki wachache, ni kweli, na wamebaki wachache kwa sababu kazi yao haipewi kibali. Fundi wangu ana wajukuu wawili wanaotaka kujifunza, lakini wanafunzi hawajifunzii kwenye ukuta ambao hauruhusiwi kuguswa.

Mtasema boriti za mkoko zinaharibu mazingira na matumbawe hayachomwi tena. Hapo tuko pamoja kabisa. Mikoko ina wasimamizi wake na kibali chake, na tumbawe hai la baharini libaki baharini, samaki wetu wanalihitaji. Jiwe la chokaa la nchi kavu lipo. Mahali pa boriti tunaweza kutumia mbao ngumu iliyokaushwa vizuri, mradi urefu ufuate chumba na ncha zake zipate hewa.

Mtasema mji unataka maendeleo. Lile Boma la 1895 lilikuwa gofu, miti imeota ndani. Likatengenezwa, na leo ni hoteli. Wageni wanalala humo na vijana wetu wanafanya kazi humo. Jirani zetu wa Lindi wana Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, zilizoingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, zikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na zikatolewa katika orodha hiyo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuzihifadhi. Magofu ambayo hayana mtu anayelala ndani yamepata utaratibu. Sisi tunaolala ndani, tunaopika, tunaolea wajukuu humo, tunaomba utaratibu mdogo kuliko huo.

Ninachoomba ni hiki:

(a) Muandae fomu fupi ya ukarabati wa nyumba za mawe, isiyodai nguzo wala nondo, na itaje wazi kwamba kuta za matumbawe zitengenezwe kwa chokaa. Ijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30, na ombi likikataliwa sababu iandikwe.

(b) Pasipigwe alama yoyote kwenye nyumba ya mawe kabla mhandisi, akiwa na fundi anayejua chokaa, hajaingia ndani na kuandika taarifa. Mwenye nyumba apewe nakala na muda wa kutengeneza. Alama zilizokwisha kupigwa bila taarifa zifutwe, kuanzia ya kwetu.

(c) Milango yote ya nakshi ipigwe picha, ipimwe, iandikwe kwenye daftari. Mimi na walimu wenzangu wastaafu tuko tayari kuifanya kazi hiyo bila malipo, nyumba kwa nyumba. Tunachohitaji ni barua ya utambulisho.

(d) Nyumba za mawe zilizobaki ziorodheshwe, na mapendekezo ya kuutangaza mji wa zamani wa Mikindani kuwa eneo la kulindwa yapelekwe kwa Waziri. Wenye nyumba tuitwe kwenye kikao kabla ya hapo, kwa kuwa wapo wanaohofia kwamba nyumba ikitangazwa watanyang'anywa, na hofu hiyo inajibika kwa kukaa nao chini na kuwaeleza.

(e) Ombi langu, lenye muhuri wenu wa kupokelewa mara tatu, lijibiwe kabla ya mwisho wa Mei.

Nataja Mei kwa sababu mvua zinakaribia kukatika. Boriti tatu za ukumbini nimezikingia kwa miti iliyosimamishwa wima, na tunapita katikati yake tukienda jikoni. Chokaa ipo uani kwenye mapipa mawili, imezimwa tangu mwaka jana, imefunikwa kwa maji. Kila Ijumaa fundi anakuja kuikoroga na kuniuliza kama barua imetoka. Amevuka miaka sabini. Safari hii, nikiitwa, nitakuja naye.

Natanguliza shukrani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu, kwa niaba ya warithi saba
Mikindani